Mti wa Maziwa: Mlinzi wa Lupango, Adui wa Macho



Ninaandika kutoka Uvira, huku kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Najua wengi wenu mnaosoma gazeti hili huko Kamituga, Misisi na machimbo mengine mmetoka huku kwetu, ao mumewacha huku wazazi na bibi zenu. Kwa hiyo mti ambao nataka tuzungumze juu yake mnaufahamu tangu utoto. Mliukuta kwenye lupango ya baba zenu. Pengine mmebeba vijiti vyake mpaka huko mliko, mkavichomeka kando ya nyumba mpya.

Ni ule mti ambao ni kama hauna majani. Matawi yake ni membamba, ya kijani, mviringo kama penseli, na ukilivunja moja linatoa maziwa meupe palepale. Sisi nyumbani tulisema tu "mti wa maziwa". Ndugu zetu wa Tanzania wanauita mnyaa ao manyara, Wanyarwanda wanauita umuyenzi, na wataalamu wanauandika Euphorbia tirucalli.

Sikuja kuwaambia mung'oe lupango zenu. Huu mti una kazi yake, na nitaieleza. Lakini kuna jambo moja ambalo kila mzazi, na kila kijana anayeshika panga, lazima alijue kwa moyo: maziwa ya mti huu yakiingia jichoni, dawa ya kwanza ni maji. Maji mengi, na upesi. Mengine yote yanafuata nyuma.

KWA NINI TUNAUPANDA

Mtu asiyejua maisha ya huku atauliza: kama mti ni mbaya, kwa nini muuweke mlangoni? Jibu ni rahisi. Tofali ni falanga. Waya wa miiba ni falanga. Kijiti cha mti wa maziwa ni bure. Unakikata kwa jirani, unakiacha siku chache kusudi kidonda chake kikauke, unakichomeka ardhini, umemaliza. Hakiombi kumwagiliwa kila siku. Wakati wa kiangazi, majani yote ya bonde la Ruzizi yanapokuwa mekundu kwa vumbi, wenyewe uko kijani. Mbuzi anapita karibu, ananusa, anaenda zake. Ng'ombe vilevile. Njo maana wafugaji wa Afrika Mashariki waliupenda tangu zamani. Lile ziwa Manyara la Tanzania, inasemekana jina lake limetoka kwa Wamasai, ambao mti huu wanauita emanyara na wanauzungushia maboma yao.

Kuna sababu nyingine, ambayo mtu wa Uvira anaielewa kuliko mtu wa mahali penye amani. Mti huu unakumbuka mpaka. Mwaka 1996, mwezi wa kumi, vita vilipofika Uvira, watu walikimbia, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu. Waliporudi, nyumba nyingi zilikuwa zimebaki kuta tu: mabati yamekwenda, milango imekwenda, hata mbao za madirisha. Lakini mstari wa miti ya maziwa ulikuwa bado umesimama pale ulipowachwa. Niliona wazee wawili wakimaliza ubishi mkubwa wa kiwanja kwa kufuata tu visiki vyake, kimoja kimoja, mpaka barabarani. Hawakwenda mbele ya hakimu.

Ikawa vilevile baada ya mafuriko. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka kwenye njia yake, ukapita katikati ya mitaa, ukaua watu makumi na kubeba nyumba kwa maelfu. Waliobaki walitafuta pahali pa kujenga upya. Na mtu anayejenga upya, kabla ya kupata mlango, anataka kuonyesha wapi pake panaanzia na wapi panaishia. Vijiti vya mti wa maziwa vikapandwa kila upande. Hapo ndipo shida ninayotaka kueleza ilizidi, maana lupango mpya ni fupi, matawi yake ni laini, na urefu wake unalingana kabisa na uso wa mtoto.

MAZIWA YENYEWE NI NINI

Maziwa hayo ni askari wa mti. Yanakaa ndani ya mirija midogo iliyojaa kabisa, njo sababu ukikata tawi hayasubiri: yanatoka mara moja, na panga likipiga kwa nguvu yanaruka mpaka usoni. Mnyama akiuma tawi, mdomo wake unawaka, anajifunza kutorudia. Mti usio na miiba unajilinda namna hiyo.

Ndani ya maziwa hayo kuna vitu viwili vinavyotusumbua. Cha kwanza ni utomvu wenye kunata kama mpira, ambao maji peke yake hayauondoi vizuri kwenye ngozi, unahitaji sabuni. Cha pili ni sumu zenye kuchoma ngozi na utando wa jicho. Ubaya wake mwingine ni kwamba hauonyeshi hasira yote siku hiyohiyo. Juu ya ngozi, pengine mtu hasikii kitu mwanzoni. Masaa yanapita, kisha ngozi inakuwa nyekundu, inawaka, inatoa malengelenge. Watoto wa masomo wanapenda kuchovya kijiti na kuandika majina yao mkononi kwa maziwa hayo. Leo wanacheka. Kesho yake jina linasomeka vizuri kabisa, limeandikwa kwa malengelenge.

Jichoni ni vibaya zaidi. Maumivu yanakuja upesi, jicho linatoa machozi, kope zinavimba, mwanga unakuwa adui. Mara nyingi siku ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, na mtu anaona kama yuko ndani ya ukungu. Akioshwa upesi na kutibiwa, kwa kawaida jicho linarudi katika wiki moja ao mbili. Akichelewa, jicho linaweza kupata kidonda, na kidonda kikiingia wadudu kinaweza kuacha kovu jeupe ambalo halitoki.

Mti huu una ndugu zake, nao wajulikane. Kwenye bonde la Ruzizi, upande wetu na upande wa Burundi, kuna miti mikubwa yenye matawi manene yaliyoinuka juu kama kinara cha mishumaa. Ni jamaa moja, na maziwa yake ni makali vilevile. Kuna pia ua dogo lenye miiba mingi na maua mekundu, ambalo watu wanalipanda mbele ya nyumba na kanisa na kuliita taji la Kristo. Asili yake ni Madagaska. Ni zuri kwa macho, lakini nalo lina maziwa ya kuwasha. Hata mwembe, rafiki wa watoto wote wa Uvira, una maji makali pale kwenye kikonyo cha tunda, yanayobabua midomo ya mtoto anayeng'ata embe kabla ya kulisafisha. Lakini mwembe si wa jamaa hii. Wenyewe ni ndugu ya mkorosho, na ukali wake ni wa namna nyingine.

JICHO LA MTOTO

Mwaka 2021, wakati wa kiangazi, nilikuwa kwa Mama Mukubwa, dada ya mama yangu. Watoto walikuwa nje, wanacheza kupikapika karibu na lupango mpya ya jirani. Mchezo unajulikana: udongo ni fufu, majani ni sombe, na siku hiyo walitaka chai ya maziwa. Maziwa yalikuwa pale karibu. Mtoto wa dada yangu, miaka sita, akavuta tawi kwa nguvu, likakatika, tone likaruka.

Tulisikia kilio tu. "Mama Mukubwa, jicho iko nawaka! Iko nawaka!" Mikono yote miwili iko machoni, anasugua.

Watu wakajaa. Huku kwetu mtu akiumia hakosi madaktari. Baba mmoja akaja mbio na chupa: "Mumuwekee mawese! Mawese inatoa sumu!" Mwingine akaita mama mwenye kunyonyesha aje amkamulie maziwa jichoni. Wote walikuwa na moyo mzuri, hilo sikatai.

Mama Mukubwa hakubishana nao. Alikaa chini, akamlaza mtoto kwenye mapaja yake, kichwa kimeinama upande wa jicho lenye kuumia kusudi maji yasiende kwenye jicho lingine. "Hapana mawese. Hapana maziwa. Mayi tu! Wewe, shika ile mikono, asisugue tena. Na wewe, mimina polepole, usiache." Mimi ndiye nilikuwa nashika bidoni. Bidoni ya kwanza ikaisha, wakaleta ya pili. Mtoto alilia, akapiga miguu, Mama Mukubwa akafungua kope zake kwa vidole alivyokwisha kuvinawa kwa sabuni, akaendelea. Mtu mmoja akasema, "Imetosha sasa." Akajibu: "Haijatosha. Robo saa haijapita."

Baadaye tulimpeleka kituo cha afya. Munganga akaangalia, akauliza nani ameliosha jicho. Akasema kazi kubwa imekwisha kufanyika nyumbani. Usiku huo jicho lilivimba, na kesho yake mtoto alikataa hata kuangalia mlango. Tulifunga dirisha kwa pagne, tukafuata dawa kama ilivyoandikwa. Siku ya tisa alikuwa nje, anacheza. Leo anasoma ubao kutoka benchi ya nyuma.

Nilimuuliza Mama Mukubwa alijifunza wapi. Akasema: kwa mama yake, ambaye aliona mtu akipofuka.

JICHO LA MCHIMBAJI

Hadithi ya pili haina mwisho mzuri, na naieleza kwa ajili yenu mlio machimboni. Kijana mmoja wa mtaa wetu, mchimbaji wa dhahabu upande wa Fizi, alikuja likizo kuona wazazi. Akataka kuwasaidia, akachukua panga, akapunguza lupango iliyokuwa imezidi kurefuka. Alikata kwa juu, uso umeinuliwa, bila miwani, upepo wa ziwa unampiga mbele. Maziwa yakamwingia. Akapangusa kwa mkono uleule ulioshika matawi. Akamaliza kazi kwanza, maana mtu wa shimo haoni haya kuvumilia maumivu.

Jioni alinunua matone ya macho kwenye farmasi moja, bila mtu kuangalia jicho lake. Siku ya kwanza yalimtuliza. Siku ya nne hakuona tena. Alipofika hospitali waliona kidonda, tena chenye usaha. Walimpa dawa, walimtuma mbele kwa mganga wa macho, na safari kutoka huku mpaka Bukavu mnaijua, na falanga zake mnazijua. Jicho halikutolewa, lakini kovu limebaki. Anasema upande huo anaona kama mtu anayetazama kupitia mfuko wa nailoni.

Mchimbaji anajua maana ya hilo. Kwenye shimo, taa ni ndogo, jiwe linalotaka kuanguka lazima ulione mbele halijaanguka. Wenzake hawamtaki tena chini, siyo kwa chuki, kwa kuogopa. Siku hizi anasukuma mizigo bandarini Kalundu.

Kuhusu matone ya farmasi niseme wazi: kuna matone ya macho ambayo yanapunguza uvimbe haraka, lakini kama jicho lina kidonda chenye wadudu, yanaufungulia ugonjwa mlango. Munganga anaweza kuyaandika akiona yanafaa. Si sisi kuyachagua kwa rangi ya kikopo.

DAWA AMBAZO SI DAWA

Wengine wenu mtasema: lakini wazee walitumia maziwa hayo kama dawa. Ni kweli. Walipaka juu ya sugu na chunjua, wengine waliweka kwenye jino bovu, wengine walikunywa kwa ajili ya minyoo, na kuna wasichana wanaoshauriwa kwa siri wayanywe kutoa mimba. Dada zangu, kitu kinachotoa malengelenge juu ya ngozi ya mkono, ndani ya tumbo kitafanya nini? Kinachoma mdomo, koo na matumbo. Msichana mwenye shida kama hiyo anahitaji mtu mzima wa kumsikiliza na munganga wa kumwangalia, si kikombe cha sumu.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wamelifuata kwa miaka mingi. Mwaka 1958 mganga wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika juu ya kansa inayovimbisha mataya ya watoto wa Afrika. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake waliona kirusi ndani ya uvimbe huo. Baadaye malaria pia ilionekana kuwa na sehemu yake. Na watafiti walipopima mti huu wa maziwa, waliona katika maabara kwamba utomvu wake unaweza kukiamsha kirusi hicho kinapokuwa kimelala ndani ya chembe za damu. Hiyo haisemi kwamba kila mtoto aliyegusa tawi atapata kansa, hapana. Lakini inatosha kutuambia kwamba maziwa haya si ya kunywesha mtoto, wala si ya kuchezea kila siku.

Na wale wanaoponda matawi yake na kuyatupa mtoni ili samaki walewe? Samaki wakubwa wanachukuliwa, wadogo wanakufa bure, na chini kidogo kuna mama anayechota maji ya nyumbani katika mto huohuo.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Haya ni mambo ambayo familia yoyote inaweza kufanya bila falanga nyingi.

Kwanza, pahali pa kupanda. Upande wa nyuma na upande wa barabara, sawa. Lakini si karibu na pahali watoto wanachezea, si kwenye njia ya choo, wala kuzunguka masomo. Huko panda matete ao maua mengine yasiyo na maziwa.

Pili, kukata. Vaa mikono mirefu, funika macho kwa miwani yoyote iliyopo, simama upepo ukitokea nyuma yako. Usiache lupango irefuke mpaka ukate juu ya uso wako. Watoto waende mbali. Ukimaliza, nawa kwa sabuni mbele ya kugusa uso, mbele ya kumshika mtoto mchanga, na mbele ya kwenda haja. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Tatu, matawi yaliyokatwa. Yasiachwe njiani, maana bado yana maziwa, tena yanaota upya. Yatupwe kwenye shimo na kufukiwa. Yasitiwe motoni jikoni: moshi wake unachoma macho na kifua. Huko machimboni, mnakotafuta kuni kwa shida, mkumbushane hilo.

Nne, ngozi ikiguswa. Pangusa maziwa kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Malengelenge yakitoka, usiyapasue.

Tano, jicho likiguswa. Usisugue. Osha palepale kwa maji, robo saa mpaka dakika 20, kope zimefunguliwa. Maji safi ni bora, na sisi wa Uvira tulioishi na kipindupindu tunajua tofauti. Lakini kama maji safi yako mbali, tumia yaliyo karibu, usisubiri, kisha endelea na yale safi. Usiweke mawese, maziwa ya mama, asali, chumvi wala majani. Halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua, na useme wazi: ni maziwa ya mti. Ukiweza, beba kijitawi ndani ya mfuko, munganga akione.

Sita, mtoto akimeza. Mwoshe mdomo kwa maji, usimlazimishe kutapika, mpeleke hospitali.

Na la mwisho, tuwafundishe watoto kwa kuwaonyesha. Kumwambia mtoto "usiguse" bila sababu ni kumwalika. Mpeleke mbele ya lupango, vunja kijitawi wewe mwenyewe kwa uangalifu, aone maziwa yanavyotoka, mwambie yanafanya nini, kisha munawe mikono pamoja. Mtoto wa dada yangu sasa ana zaidi ya miaka kumi, na ni yeye anayewakataza wadogo zake. Anawaambia: "Ile si maziwa ya chai. Ile ni ya mti, muiachie mti."

Ninyi mlio mbali, mkirudi likizo na kukuta lupango ya wazee imerefuka, isaidieni. Lakini mbele ya kushika panga, ulizeni kwanza bidoni ya maji iko wapi, muiweke karibu, imejaa.